Choo cha Wazee

Butiama,
14 Januari 2024

Wifi yangu Debora,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tunaamka, Mungu anasaidia. Mama anakusalimu sana. Macho yake yamepona kweli, juzi aliniona nikiwa bado mlangoni, akasema, "Kumbe umekonda hivi siku zote, moshi ndio ulikuwaga unakuficha." Ghati ameingia darasa la pili. Mseti ana mafua lakini ugali anaumaliza. Ndugu yako Burito bado yuko machimboni. Krismasi hakuja, alituma kitenge. Nakishukuru kitenge.

Barua hii nampa Yakobo, dereva wa Noah anayepeleka maziwa Musoma. Simu yangu iliingia maji, na ya nyumbani ni ya Mzee. Unajua mwenyewe siwezi kushika simu ya baba mkwe na kuweka mdomo wangu pale anapoweka wake. Kwa hiyo andika, usipige.

Mtambo wa gesi ya samadi uliotujengea unafanya kazi, siwezi kusema uongo. Sufuria hazina masizi, kifua cha Mama kimetulia, na kule mlimani tulikokuwa tunakata kuni vichaka vimeanza kuota tena. Lakini wifi, mtambo wako una kiu! Kila ndoo ya samadi inataka ndoo ya maji, na maji hayo hayatoki kwenye bomba kama huko kwenu Kitaji, yanatoka kisimani bondeni, juu ya kichwa changu. Zamani kuni nilikuwa nafuata mara moja moja. Sasa kila kukicha nalinywesha tumbo la saruji kabla sijawanywesha watoto. Ng'ombe wanaolala zizini ni watatu, kiangazi kimewamaliza, wanachoacha asubuhi hakijazi hata karai. Gesi inaivisha chai na ugali. Mboga ikifika katikati, moto unazima.

Ila si hilo lililonifanya nitafute karatasi. Ni choo. Fundi wako alipobomoa choo cha wazee ili mtambo ukae jirani na zizi, ulisema kitajengwa kingine. Kimejengwa hiki kimoja chenye vigae, kinachomwaga ndani ya mtambo. Kimoja, wifi, boma zima! Mimi na baba mkwe wangu tuingie mlango mmoja? Naomba kile cha wazee kirudishwe, hata cha nyasi.

Wasalimie watu wa Kitaji.

Marcelina, Mama Ghati


Kitaji, Musoma,
3 Februari 2024

Marcelina,

Marahaba. Milele na milele, amina. Mimi mzima ila nimezama kwenye ripoti za mradi. Nampa Yakobo sato wawili wakavu wa Mama. Wa Mama, nasisitiza, maana dagaa wa Desemba nasikia walipotea njia wakaingia koo lisilo lao.

Nimesoma malalamiko yako nikacheka. Miaka yote umelia moshi. Nimeuondoa moshi, sasa unalia maji. Wewe hata mbinguni utauliza ufagio uko wapi. Wenzako vijijini wangepata mtambo kama ule wangepiga vigelegele mpaka sauti ikauke, wewe unahesabu ndoo. Ndugu yangu alioa mke au alioa mwanasheria?

Choo. Sikiliza vizuri, sitarudia. Ng'ombe watatu hawatoshi kuendesha mtambo, ndiyo maana choo kimeunganishwa. Kinyesi cha watu ndicho kinachoongeza gesi. Nikiwajengea choo kingine pembeni, gesi inapungua, na boma la mfano linakuwa mfano wa nini? Wafadhili watakuja kuliona. Hapa Kitaji nyumba nzima ya wapangaji tunatumia choo kimoja, wamo wakwe na wakwe zao, na hatujazika mtu. Mambo ya mkwe kutokanyaga choo cha mkwewe ni ya akina babu. Baba mwenyewe nilimuuliza mbele ya fundi, akasema, "Sawa, mwanangu." Baba amekubali, wewe ni nani ukatae?

Na mafiga niliyoyatoa yasirudi jikoni. Nikikuta jivu, hata la kuchomea hindi moja, namwambia Burito akurudishe kwenu Bunda siku hiyo hiyo. Watoto unajua wanabaki kwa nani. Ng'ombe walitoka, walihesabiwa, baba yako aliwapokea kwa mikono miwili.

Mwambie Mama namwombea.

Debora


Butiama,
25 Februari 2024

Wifi,

Shikamoo. Sato wamefika na Mama amewala. Vichwa tuligawana mimi na paka, paka akachagua kwanza. Ghati amekuwa wa tatu darasani. Mseti sasa ana tabia mpya, halali mpaka ashike sikio langu.

Kuhusu kurudishwa Bunda nimekuelewa. Hakuna usiku nisiokumbuka. Wanangu ndio nilio nao, wifi, sina shamba wala mume wa kumwona. Kwa hiyo naandika kwa adabu, na wewe nisome kwa adabu.

Unasema Baba alikubali. Ulitaka akujibu nini? Binti yake aliyesoma anamuuliza mambo ya haja kubwa huku fundi ameshika mwiko anasikiliza. Mzee wa Kizanaki abishane na bintiye juu ya choo? Alisema sawa ili unyamaze. Wewe umesoma mpaka ukasahau kwenu.

Choo cha vigae nakifagia mimi. Najua nani anaingia na nani haingii. Zaidi ya hapo usiniulize, mimi ni mkwe. Kuna njia ambayo asubuhi nikiona mtu anaishika, nageuza shingo upande mwingine. Njoo wewe ulale hapa siku mbili. Ukishindwa, mtume baba mdogo Masatu amuulize mwenzake, mwanaume kwa mwanaume. Kisima kiko bondeni, wifi, na juu ya kisima ni kichaka. Masika yako karibu, na maji ya mvua hayapandi, yanateremka. Sijui niliseme vipi tena bila kulisema.

Mvua zikianza, maji yale hayatanyweka bila kuchemshwa, na gesi haitoshi kuchemsha. Naomba figa tatu nje ya jiko, za kuchemshia maji tu. Wageni wako wakija nitazifukia.

Mama ananiambia nisikuudhi. Nimejitahidi.

Marcelina


Kitaji, Musoma,
Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Marcelina,

Heri ya Pasaka. Barua yako ilikaa kwenye mkoba wangu, nilikuwa safarini.

Mimi nikamchungulie baba yangu anapokwenda kujisaidia? Una laana gani wewe? Kwenu ndivyo mlivyofundishwa? Neno hilo usilirudie kwangu wala kwa baba mdogo, na barua ile nimeichana.

Figa hapana. Maji mkiogopa, chujeni kwa kitambaa. Wageni wanakuja Julai. Paka chokaa kuta za choo.

D.


Butiama,
18 Aprili 2024

Wifi Debora,

Njoo.

Mama anaharisha na kutapika tangu jana mchana. Hawezi kukaa. Anatoka maji matupu. Nyumba za bondeni wamo wagonjwa wengine, wote wanaochota kisima chetu. Mvua imepiga siku nne mfululizo na kisima kimebadilika rangi.

Mzee amekupigia simu, unamjibu uko kwenye kikao. Amepiga tena, akapokea kijana wa ofisini. Sasa namkimbizia Yakobo barua hii, asimame mlangoni kwako mpaka uisome.

Leo nimewasha kuni. Nimechukua nguzo za uzio nikazipasua. Moshi unaonekana mpaka barabarani, sijauficha. Nachemsha maji ya chumvi na sukari nampa Mama kwa kijiko. Nirudishe Bunda ukitaka, lakini njoo kwanza, uje na gari, mama yako apelekwe hospitali. Jirani mwenye pikipiki amekataa kumbeba, anasema atamwangukia njiani.

Marcelina


Kitaji, Musoma,
20 Mei 2024

Marcelina,

Nakuandikia huko Bunda kwa sababu nimesikia unatuma watu shuleni kwa Ghati. Ukome.

Mama amefia mikononi mwako. Mimi nilifika na gari akiwa amefunikwa shuka. Nilikuta kuni zinawaka uani na wewe umekaa kwenye ndoo, umejaa majivu, hata kulia hulii. Picha hiyo siitoi kichwani.

Kikao cha ukoo kilikupa nafasi. Baba mdogo Masatu alikuuliza, tena kwa upole, maji ya kunywa ya Mama uliyachota kwa ndoo gani. Alikuuliza kama ni ile unayokorogea samadi. Ulitazama chini. Akakuuliza tena, ukatazama chini. Mtu asiye na kosa ana mdomo. Kila mtu aliyekuwa pale ameelewa kwamba ulikuwa unachanganya ndoo kwa uvivu wa kuosha, na Burito ameelewa, na amekurudisha. Watoto wako salama na Baba. Jirani anawapikia.

Unaweza kulia sasa kama unataka.

Debora


Bunda,
9 Juni 2024

Wifi Debora,

Shikamoo. Bado nakuamkia, sijui kwa nini. Huku mama yangu mzazi anaumwa miguu, mvua imeisha, mahindi yamekomaa. Wananiita "aliyeua mkwewe" nikipita sokoni, ila kwa sauti ya chini, watu wa Bunda wana heshima zao.

Ndoo ya samadi ni nyeusi, ina mpini wa kamba, inakaa kwenye mtambo. Ndoo za maji ni mbili za njano na zina vifuniko. Wewe ndiye uliyezileta. Uliziona siku ile, moja nimeikalia mimi, ya pili ukavua viatu ukaosha miguu kwa maji yake. Unajua sikuchanganya.

Unasema nilitazama chini. Mbele yangu alikaa nani? Mzee Wanzagi, baba mkwe wangu, na miguu yake ilikuwa mbele yangu kwenye mkeka. Niseme nini mbele ya miguu ile? Mkwe akitamka neno lile kwenye kikao, hata akishinda, ameshindwa, boma linamtema. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuniokoa. Nilimngoja. Alikohoa, nikasema moyoni sasa anasema. Alikuwa anakohoa tu.

Sitaki ugomvi. Nina ombi moja. Mseti halali bila sikio. Nilikuambia mwezi wa pili, ukapita juu yake kama unavyopitaga juu ya mambo yangu yote. Mwambie huyo jirani anayewapikia ampe sikio lake wakati wa kulala. Akikataa, mtoto atalia mpaka atapike, na nyumba hiyo imetapikiwa vya kutosha.

Marcelina


Kitaji, Musoma,
4 Agosti 2024

Marcelina,

Habari za Bunda. Natumaini mama yako miguu imepata nafuu. Ghati ni mzima, meno mawili yametoka. Mseti ameacha kulia, sasa haongei sana. Burito amerudi machimboni.

Wageni walikuja Julai, wakapiga picha za mtambo, wakala ugali uliopikwa kwa gesi na samaki furu wa kukaanga. Wamefurahi. Wanataka maboma mengine arobaini yajengewe hivyo hivyo, choo na zizi pamoja, wilaya nzima, na mimi nisimamie. Nimekuwa nikiomba nafasi kama hiyo tangu nilipoajiriwa.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani bila taarifa. Nilimkuta Baba nyuma ya migomba, yuko ndani ya shimo, limemfika kifuani. Anachimba mwenyewe, na mgongo ule. Nikamwambia, "Baba, choo si kipo?" Akasema, "Kile ni cha akina mama." Nikamuuliza, "Sasa siku zote ulikuwa unakwenda wapi?" Alitazama kule juu ya kisima, kwenye kichaka, halafu akainama akaendelea kutupa udongo. Udongo mwingine uliniangukia miguuni. Nilisimama pale mpaka akachoka.

Kwa hiyo najua. Usinifanye nilirudie kwa maandishi.

Sasa tuongee kama watu wazima. Nimezungumza na Burito, nimezungumza na baba mdogo Masatu. Urudi kwa wanao. Nitasema nimekusamehe, na kwa kuwa mimi ndiye binti wa marehemu, nikisamehe hakuna wa kupinga. Lakini habari ya ndoo ibaki ilivyo. Baba asiaibishwe uzeeni, ana muda gani? Na mradi ukichafuka kwa neno hili, maboma arobaini yatabaki na moshi wake, na akina Mama wengine watapofuka. Fikiria hilo pia. Watu watasema ulikuwa mchafu ukajirekebisha. Si jambo la kumwua mtu.

Ukikubali, Yakobo atakupitia Bunda Jumamosi ya tarehe 17. Ukikataa, au ukisema popote, basi tena, watoto watakua wakiambiwa nilivyowaambia mpaka sasa.

Nijibu haraka.

Debora


Bunda,
11 Agosti 2024

Wifi Debora,

Shikamoo. Mama yangu miguu bado. Asante kwa habari za meno ya Ghati. Hilo la Mseti kutoongea nimelisoma nikatoka nje.

Nimekubali. Mwambie Yakobo aje mapema, nitakuwa barabarani. Nitakuwa mchafu mnavyotaka. Ghati akikua akaniuliza kama kweli nilimwua bibi yake kwa ndoo, nitamwambia ndiyo, nilikuwa mvivu wa kuosha. Mzee nitampikia, nitamfulia, nitapita mbali na migomba. Heshima yake mimi ndiye nimeibeba, nitaendelea, kichwa changu kimezoea mizigo ya boma lenu.

Na wewe jenga maboma yako arobaini. Gesi si mbaya, nilikwambia tangu barua ya kwanza. Lakini kabla fundi hajabomoa choo cha mtu, muulize mke wa mtoto wake, na umpe mahali pa kusemea. Hutafanya hivyo, nakujua.

Kuna jambo moja hulijui. Mama alijua. Aliishi na mume yule miaka hamsini, ungedhani hajui anakoelekea asubuhi? Mvua zilipoanza alinifuata jikoni. Nilikuwa nimeweka sufuria ya maji kwenye ule moto wako mdogo. Nikamwambia, "Mama, leo gesi inatosha sufuria moja tu." Akaniuliza kama nimewasha kuni pembeni. Nikasema Debora amekataza. Akaitazama sufuria, akasema, "Hayo wape watoto. Mimi nitakunywa ya mtungini." Nikamwambia, "Mama, nani amwambie Mzee?" Akasema, "Nani amwambie? Wewe huwezi. Mimi nikimwambia atajua kwamba wewe umeona, hatakaa tena nyumba hii. Debora ndiye aliyetakiwa aseme, na Debora hana muda." Basi akachota kikombe akanywa nikimtazama. Siku zile zote alikunywa hivyo, na wanangu wakanywa yaliyochemka, ndiyo maana wako hai unawahesabu meno. Mtambo uliomjengea yeye, moto wake aliwaachia wajukuu.

Masharti yangu ni haya. Mafiga yanarudi jikoni, ukiyagusa nitapiga yowe mpaka Musoma wasikie nililolinyamazia. Watoto hawaondoki mikononi mwangu tena, Burito asaini hilo mbele ya paroko.

Na la mwisho ni lako. Utakuja sana sasa, na wageni wako na kamera zao. Kila ukija, nitapiga magoti mbele yao kama inavyompasa mke wa ndugu yako, nitakupa kikombe cha maji ya kisimani. Siku nyingine yatakuwa yamechemka. Siku nyingine hayatakuwa yamechemka. Hutaniuliza. Utakunywa mpaka chini, utanirudishia kikombe, utasema asante wifi.

Marcelina